Je, Wajua? Mwogeleaji Aliyejiita Baharia

Je, wajua kwamba bingwa wa kwanza kabisa wa kuogelea katika Michezo ya Olimpiki ya kisasa hakupata ushindi wake bwawani? Aliupata baharini, katikati ya mawimbi, mahali ambapo njia ya mashindano ilikuwa imewekewa alama kwa maboga yaliyokombwa ndani na kuachwa yaelee. Alikuwa kijana wa miaka 18 kutoka Budapest, mji mkuu wa Hungaria, mwanafunzi wa usanifu majengo. Jina lake Alfréd Hajós. Safari hii tumemtengea yeye karibu ukurasa wote, kwa sababu kila ukifunua kipande cha maisha yake unakuta jambo la kustaajabisha chini yake, na kwa sababu kwetu jina lake halitajwi kwa kadiri linavyostahili.

Je, wajua kwamba Hajós halikuwa jina lake la kuzaliwa?

Alizaliwa tarehe 1 Februari 1878 mjini Budapest, katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa maskini, akaitwa Arnold Guttmann. Alipokuwa na miaka 13, baba yake alikufa maji katika mto Danube. Mto huo ni mpana na una nguvu. Unaupasua mji katikati, Buda upande wa magharibi na Pest upande wa mashariki, na mkazi wa Budapest hawezi kuukwepa hata akitaka. Kila akivuka daraja anauona. Mtoto aliyefiwa namna hiyo angeweza kuyakimbia maji maisha yake yote na asingelaumiwa na mtu. Arnold alifanya kinyume. Alishika azma ya kujua kuogelea, na kujua barabara.

Alipoingia kwenye mashindano alijichagulia jina la Kihungaria. Zama zile Wayahudi wengi wa nchi hiyo waliokuwa na majina ya Kijerumani walikuwa wakiyabadili ili yafanane na ya wenyeji, kwa hiyo kubadili jina peke yake hakukuwa ajabu. Cha ajabu ni jina alilolichagua. Kwa Kihungaria, *hajó* ni chombo cha majini, mashua au merikebu, na *hajós* ni mtu wa chombo, yaani baharia. Kijana aliyenyang'anywa baba na mto alikuwa na lugha nzima ya kuchagulia, akachukua neno la majini. Mimi nalisoma jina hilo kama kiapo.

Na kwa kuwa tuko kwenye majina: Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, kisha ndipo lifuate la mtu mwenyewe. Kwao yeye ni Hajós Alfréd. Liweke akilini jina hilo kwa mpangilio huo, maana tutalikuta tena limeandikwa mahali.

Je, wajua kwamba nchi ya baharia huyu haina bahari?

Hungaria ya leo imezungukwa na nchi saba na haina hata hatua moja ya pwani. Enzi za ujana wa Hajós, Ufalme wa Hungaria ulikuwa mkubwa zaidi na ulikuwa na bandari yake ya Fiume, ambayo siku hizi ni Rijeka, nchini Croatia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bandari hiyo ikawapotea. Walichobaki nacho ni mito, ziwa Balaton, na maji moto yanayobubujika kutoka ardhini, hasa Budapest kwenyewe. Wahungaria wameoga katika maji hayo kwa karne nyingi, na baadhi ya mabafu yaliyojengwa na Waturuki karne ya 16 yangali yanatumika. Hawana kusi wala kaskazi, lakini maji wanayajua.

Je, wajua mambo yalikwendaje siku ile Piraeus?

Hapa inafaa tutulie kidogo.

Mwaka 1895, akiwa na miaka 17, Hajós alishinda mita 100 mjini Vienna katika mashindano yaliyohesabiwa kuwa ya ubingwa wa Ulaya. Mwaka uliofuata Olimpiki zikafufuliwa Athens. Hungaria ilipeleka wanamichezo saba tu. Ingawa wakati huo Hungaria na Austria zilikuwa chini ya mfalme mmoja, kila moja ilishindana kivyake.

Wagiriki hawakujenga bwawa. Waogeleaji walipelekwa kwenye ghuba ya Zea, katika bandari ya Piraeus, karibu na Athens. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 11 Aprili 1896, ingawa kwa Wagiriki, waliokuwa bado wanafuata kalenda ya zamani, ilikuwa tarehe 30 Machi. Watu kama elfu ishirini walijipanga ufukweni kutazama.

Maji yalikuwa na joto la nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Bahari ya Hindi upande wetu mara nyingi huwa na nyuzi 25 au zaidi, kwa hiyo msomaji wa pwani asijidanganye kwamba anajua baridi ya namna ile. Nyuzi 13 ni baridi inayokata pumzi. Mtu akiingia, kifua kinabana kabla mikono haijaanza kazi, kisha vidole vinakufa ganzi, na kila dakika inayopita misuli inazidi kuwa mizito. Juu ya hayo, siku hiyo kulikuwa na mawimbi. Hali ya hewa ya majuma yale ilikuwa mbaya kiasi kwamba siku chache baadaye mashindano ya kupiga makasia yaliahirishwa na hatimaye kufutwa kwa sababu ya upepo. Mashua zilishindwa, na waogeleaji walikuwa wameshaingia majini kwa miili yao mitupu.

Mbio za kwanza zilikuwa za mita 100. Waogeleaji walichukuliwa kwa chombo hadi sehemu ya kuanzia, wakatakiwa wakate maji kurudi upande wa nchi kavu, katikati ya yale maboga. Hajós alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 22.2. Aliyemfuata, Otto Herschmann wa Austria, alichelewa kwa sekunde 0.6 tu. Hapo ndipo dunia ilipopata bingwa wake wa kwanza wa Olimpiki katika kuogelea.

Hajós alikuwa amekusudia kushindana mbio zote tatu, lakini ratiba ilimkatalia. Mita 500 zilifuata mara baada ya mita 100, naye alihitaji kupumua. Akaziacha, na Paul Neumann wa Austria akazishinda. Hajós akajitayarisha kwa mita 1,200.

Safari hii alikuwa ameshaonja baridi ile, akatumia akili. Alijipaka mafuta mazito mwili mzima, tabaka lenye unene wa zaidi ya sentimita moja, ili joto lisimtoke upesi. Mashua ndogo tatu ziliwachukua waogeleaji hadi mbali baharini, zikawashusha, bastola ikalia. Hebu vuta picha: umeachwa kwenye kina kirefu, ufuko uko zaidi ya kilomita moja, mawimbi yanakupiga usoni, na mafuta uliyojipaka hayatoshi kuizuia baridi isiingie mifupani. Miaka mingi baadaye Hajós alisimulia kwamba mwili ulimtetemeka kwa kuwaza ingekuwaje kama baridi ingemfunga misuli, na kwamba hamu ya kuishi iliishinda kabisa hamu ya kushinda. Hakutulia mpaka alipoona mashua zinarudi na kuanza kuwaopoa wenzake waliokufa ganzi na kukata tamaa.

Ninapoisoma habari hiyo simwoni bingwa. Namwona mtoto wa miaka 13 wa kando ya Danube, ambaye safari hii yumo majini yeye mwenyewe.

Alifika wa kwanza kwa dakika 18 na sekunde 22.2. Mgiriki Ioannis Andreou, aliyeshika nafasi ya pili, alifika dakika 2 na sekunde 41 baadaye. Kuanzia siku hiyo ikawa kawaida kumwita Hajós pomboo wa Hungaria.

Kulikuwa pia na mbio za nne, nazo ni za ajabu kuliko zote: mita 100 kwa ajili ya mabaharia wa jeshi la majini la Ugiriki peke yao. Mshindi, Ioannis Malokinis, alitumia dakika 2 na sekunde 20.4, karibu dakika nzima zaidi ya Hajós. Baharia wa jina aliwapita mabaharia wa kazi.

Je, wajua alimjibu nini mwana wa mfalme?

Husimuliwa kwamba katika karamu ya kuwaenzi washindi, Konstantino, mrithi wa kiti cha ufalme wa Ugiriki, alimuuliza Hajós amejifunzia wapi kuogelea vizuri namna ile. Hajós akajibu: majini.

Aliporudi Budapest hakupokewa na kila mtu kwa vigelegele. Alikuwa amepata taabu hata kuomba ruhusa ya kuacha masomo kwa ajili ya safari ile, na inasimuliwa kwamba mkuu wake wa chuo alimwambia kwamba medali zake hazimhusu, yeye anangoja kwa hamu kusikia majibu yake katika mtihani unaofuata. Wapo watakaoona mkuu huyo alikuwa na roho ngumu. Mimi naona alimfaa, maana bila mitihani ile nusu ya pili ya habari hii isingekuwapo. Hajós alihitimu mwaka 1899.

Je, wajua kwamba medali zake za ushindi hazikuwa za dhahabu?

Mwaka 1896 mshindi wa kwanza alipewa medali ya fedha, tawi la mzeituni na hati ya heshima. Wa pili alipata medali ya shaba. Wa tatu aliondoka mikono mitupu. Desturi ya dhahabu, fedha na shaba ilianza mwaka 1904 mjini St. Louis, Marekani. Tunaposema leo kwamba Hajós alipata dhahabu mbili, tunasema kwa hesabu iliyotengenezwa baadaye.

Kuna kisa kingine cha Hungaria kutoka michezo ile ile. Katika mbio za marathoni, Mhungaria Gyula Kellner alimaliza wa nne, nyuma ya Wagiriki watatu. Kisha ikagundulika kwamba yule wa tatu, Spyridon Belokas, sehemu ya njia alikuwa amepanda gari la farasi. Akaondolewa, na Kellner akapandishwa.

Je, wajua yaliyompata mwenzake aliyekaribia kumshinda?

Otto Herschmann, yule aliyezidiwa kwa sekunde 0.6, alikuwa Myahudi kama Hajós. Alisomea sheria, akawa wakili, na mwaka 1912 huko Stockholm alirudi kwenye Olimpiki kama mwanaupanga, akapata medali ya fedha pamoja na timu ya Austria. Watu waliopata medali za Olimpiki katika michezo miwili tofauti ni wachache mno. Mwaka 1942 Wanazi walimkamata Vienna na kumsafirisha kwa nguvu kwenda Poland waliyokuwa wameikalia. Hakurudi. Katika wale wawili waliotangulia kugusa mwisho pale Piraeus, mmoja alikufa kwa uzee katika mji wake na mwingine aliuawa kwa sababu ya ukoo wake.

Je, wajua kwamba Hajós alichezea timu ya taifa ya kandanda?

Tena alikuwamo katika mechi ya kwanza kabisa ya timu hiyo. Ilichezwa Vienna tarehe 12 Oktoba 1902 dhidi ya Austria, na Hungaria ikafungwa 5 kwa 0. Matokeo hayo hayapendezi, lakini mechi yenyewe ina heshima yake, maana ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza barani Ulaya kati ya timu za mataifa mawili yasiyo ya Uingereza. Miaka hiyo Hajós alikuwa mchezaji wa klabu ya BTC ya Budapest, iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Hungaria mwaka 1901 na 1902. Baadaye, mwaka 1906, alishika kazi ya kuifundisha timu ya taifa.

Kabla ya hapo, mwaka 1898, alikuwa bingwa wa nchi yake katika mbio za mita 100, katika mita 400 za kuruka viunzi, na katika kurusha kisahani. Ndugu yake Henrik naye aliogelea: mwaka 1906, katika michezo ya Athens iliyofanywa katikati ya Olimpiki mbili, timu ya Hungaria aliyokuwamo ilishinda mbio za kupokezana za mita 250 mara nne.

Je, wajua kwamba zamani mtu aliweza kupata medali ya Olimpiki kwa kuchora nyumba?

Ni kweli tupu. Kuanzia mwaka 1912 hadi 1948, Olimpiki zilikuwa na mashindano ya sanaa sambamba na yale ya viungo. Yalikuwa matano: usanifu majengo, fasihi, muziki, uchoraji na uchongaji. Sharti lilikuwa kazi ihusiane na michezo. Mwasisi wa Olimpiki za kisasa, Mfaransa Pierre de Coubertin, aliamini kwamba mwili na akili havitenganishwi, na yeye mwenyewe alipata dhahabu ya fasihi mwaka 1912 kwa shairi alilolipeleka kwa jina la bandia.

Sasa rudi kwa Hajós. Baada ya kuhitimu alifanya kazi chini ya mabwana wakubwa wa usanifu wa nchi yake, Ignác Alpár na Ödön Lechner, kisha akaanza kusimama mwenyewe. Katika mji wa Debrecen, mashariki mwa Hungaria, alisanifu hoteli ya Aranybika, jina ambalo maana yake ni fahali wa dhahabu, na jengo hilo liko mpaka leo. Alisanifu pia uwanja wa mpira wa klabu ya UTE mjini Budapest, uliofunguliwa mwaka 1922.

Mwaka 1924 Olimpiki zilikuwa Paris. Hajós, sasa mtu mzima wa miaka 46, alipeleka mchoro wa uwanja wa michezo alioufanya pamoja na Dezső Lauber, msanifu mwenzake aliyekuwa ameshiriki tenisi katika Olimpiki za mwaka 1908. Waamuzi waliona hakuna kazi ya usanifu iliyostahili dhahabu mwaka ule, wakaizuia. Nafasi ya juu waliyoitoa ilikuwa fedha, nayo ikaenda kwa Hajós na Lauber. Shaba ilikwenda kwa Julien Médecin wa Monaco.

Kwa hiyo, miaka 28 baada ya kutoka majini Piraeus, mtu yule yule alipokea medali ya Olimpiki kwa kalamu na rula. Katika historia nzima ni watu wawili tu waliopata medali katika michezo na katika sanaa. Mwingine ni Mmarekani Walter Winans, aliyeshinda ulengaji shabaha mwaka 1908 na uchongaji mwaka 1912. Medali za sanaa hazihesabiwi tena katika jedwali rasmi la mataifa, na hilo naliona ni dhuluma kwa waliozipata. Monaco wanaiona zaidi: ile shaba ya Médecin ndiyo medali pekee waliyowahi kupata.

Je, wajua alichokijenga kando ya mto uliomuua baba yake?

Katikati ya Danube, mle mle Budapest, pana kisiwa chembamba chenye miti mingi kinachoitwa Margit-sziget, kisiwa cha Margit. Zamani kiliitwa kisiwa cha sungura. Karne ya 13 mfalme Béla wa Nne alimweka binti yake Margit katika nyumba ya watawa iliyokuwa hapo, na jina la binti likakaa. Magofu ya nyumba hiyo bado yanaonekana. Kisiwa hicho kina chemchemi za maji moto.

Hapo ndipo Hajós alipoijengea nchi yake bwawa la taifa la kuogelea, lililokamilika mwaka 1930. Alilijenga kwa zege, likiwa na paa, watazamaji wakikaa kwa ngazi pembeni, na maji yaliyotulia na yasiyomgandisha mtu. Lilimaanisha kwamba mwogeleaji wa Budapest angeweza kufanya mazoezi Januari, wakati nje kuna theluji, kama afanyavyo Julai. Kwa mchezo unaodai kilomita kadhaa kila siku, hilo ndilo jambo linalotenganisha nchi yenye bahati ya bingwa mmoja na nchi inayotoa mabingwa kizazi baada ya kizazi.

Nimelifikiria sana bwawa hilo. Kila kitu kilichokosekana Piraeus kimo ndani yake: joto, utulivu, ukingo wa kushika ukichoka. Na limezungukwa na Danube pande zote.

Mashindano ya ubingwa wa Ulaya yamefanyika kwenye eneo hilo mwaka 1958, 2006 na 2010. Mwaka 2017 polo ya majini ya mashindano ya dunia ilichezwa hapo.

Je, wajua ni akina nani waliofuata nyayo zake?

Orodha ni ndefu, nami nitawagusa wachache.

Zoltán Halmay alishinda mara mbili St. Louis mwaka 1904. Katika yadi 50 alimpita Mmarekani Scott Leary, lakini mwamuzi mmoja Mmarekani akang'ang'ania kwamba Leary ndiye mshindi, na vurugu zikazuka. Ikaamuliwa wawili hao warudie. Halmay akashinda tena, na mjadala ukaisha.

Olivér Halassy alipoteza mguu wa kushoto, chini ya goti, alipogongwa na tramu akiwa mtoto. Alicheza polo ya majini, mchezo ambao miguu ndiyo inayomshikilia mtu juu ya maji muda wote, akapata fedha mwaka 1928 na dhahabu mwaka 1932 na 1936. Halafu, kama vile hayo hayatoshi, mwaka 1931 alikuwa bingwa wa Ulaya wa mita 1,500 mtindo huru, akiogelea dhidi ya watu wenye miguu miwili. Nikitakiwa nichague mwogeleaji mmoja wa kusimulia watoto, sitamtafuta mwingine.

Ferenc Csik, daktari, aliwashangaza Wajapani waliotarajiwa kushinda mita 100 mjini Berlin mwaka 1936. Machi 1945 aliuawa na mabomu yaliyodondoshwa kutoka angani akiwa anawahudumia majeruhi.

Tamás Darnyi alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja kwa sababu ya donge la theluji lililorushwa mchezoni, kisha akachukua dhahabu nne, mbili mwaka 1988 na mbili mwaka 1992, zote katika mbio za mitindo mchanganyiko.

Krisztina Egerszegi alikuwa na miaka 14 tu aliposhinda mita 200 za mgongo mjini Seoul mwaka 1988. Akazishinda tena 1992, na tena 1996. Jumla alipata dhahabu tano za mbio za mtu mmoja mmoja. Wahungaria humwita kwa upendo panya mdogo, kwa sababu jina lake linaanza kwa sauti inayokaribia neno lao la panya.

Katinka Hosszú, ambaye jina lake la ukoo maana yake ni ndefu, alipata dhahabu tatu Rio mwaka 2016 na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 400 mitindo mchanganyiko kwa dakika 4 na sekunde 26.36. Na Kristóf Milák, mwogeleaji wa kipepeo, mwaka 2019 aliivunja rekodi ya Michael Phelps ya mita 200, kisha mwaka 2022, mbele ya watu wake mjini Budapest, akaishusha zaidi hadi dakika 1 na sekunde 50.34.

Je, wajua umbali kati ya wakati ule na huu?

Olimpiki za mwaka 1900 ziliogelewa katika mto Seine, za mwaka 1904 katika ziwa la kuchimbwa. Bwawa lilianza kutumika London mwaka 1908, nalo lilichimbwa ndani ya uwanja wa riadha, urefu mita 100. Mwaka 2024, katika Olimpiki za Paris, Mchina Pan Zhanle aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 46.40, rekodi ya dunia. Ni pungufu ya muda wa Hajós kwa sekunde 35.8. Lakini Pan alikuwa na kizingiti cha kurukia, ukuta wa kujisukumia, maji ya uvuguvugu na kamba za kuzuia mawimbi. Hajós alikuwa na maboga.

Je, wajua palipoandikwa jina lake?

Hajós aliishi hadi miaka 77, akafariki Budapest tarehe 12 Novemba 1955. Mwaka 1966 aliingizwa katika jumba la kimataifa la watukufu wa kuogelea, na mwaka 1975 lile bwawa la kisiwani likapewa jina lake.

Ukijaliwa kufika Budapest, panda tramu namba 4 au namba 6, ushuke katikati ya daraja la Margit, uteremke kisiwani kwa miguu. Baada ya mwendo mfupi, upande wa kushoto, utalikuta jengo la zege lenye jina la Hajós Alfréd, na ndani yake watoto wa Budapest wanafundishwa kuogelea.